Bima ya Ndege Ndogo Isiwe Mzigo wa Mtu Mmoja

Wahenga walinena kwamba tahadhari ni kabla ya athari. Methali hii nimeifunza kwa miaka mingi katika madarasa ya Migori, lakini ni mwanafunzi wangu wa zamani aliyenionyesha kuwa tahadhari nayo ina bei yake. Kijana huyo, ambaye sasa ni rubani, aliungana na wenzake wanne wakusudie kununua ndege ndogo ya viti vinne, waiweke katika uwanja wa Lichota na kuwafunza vijana wa huku urubani. Fedha za kununulia ndege walikuwa wameahidiwa na jamaa na marafiki. Kilichowavunja moyo ni bima. Kampuni ya kwanza waliyoiendea ilikataa katakata. Ya pili ilitaja ada ambayo ingemaliza akiba yao kabla ndege haijapaa.

Yamkini wapo watakaocheka. Bima ya ndege, ilhali hata mashua nyingi za wavuvi wa Mbita na Muhuru hazina bima? Nakiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, tatizo la mvuvi na la rubani ni moja, na anayelielewa la mmoja atalielewa la mwenzake.

Bima husimama juu ya wingi wa watu. Sheria, Sura ya 405, humlazimu kila mwenye gari kukata bima ya kuwafidia watu wengine anaoweza kuwadhuru. Kwa hivyo wengi huchanga na wachache hufidiwa. Ndege ndogo ni chache mno. Tuchukulie kwamba kampuni ina ndege kumi, kila moja ya thamani ya shilingi milioni 5, na kila mwenye ndege hulipa shilingi 200,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi milioni 2. Ikianguka ndege moja tu, kampuni imekwisha kupata hasara, seuze kuwafidia abiria na walioangukiwa. Ndiyo sababu kampuni zetu hugawa sehemu kubwa ya hatari hiyo kwa kampuni nyingine kubwa, aghalabu za London, nazo hudai malipo yao. Wala rubani hawezi kukimbilia huko moja kwa moja, maana Sheria ya Bima, Sura ya 487, hairuhusu kukata bima kwa kampuni isiyosajiliwa nchini bila idhini ya Kamishna.

Je, tukate tamaa? La hasha! Aero Club of East Africa, yenye makao yake Wilson jijini Nairobi, iliasisiwa mwaka wa 1927 na watu waliotambua kwamba urubani hauwezi kuwa shughuli ya mtu pekee. Marubani wa Migori na Homa Bay nao waunde chama kimoja cha Lichota na Kabunde, kisha waende kwa kampuni za bima wakiwa kundi, si mmoja mmoja. Waweke kumbukumbu safi za saa walizoruka na matengenezo waliyofanya, kwa maana mwenye bima huogopa zaidi asilolijua. Wajenge banda imara la ndege. Na ndege inapokaa chini kwa miezi, waombe bima ya chini tu, inayolinda dhidi ya moto, wizi na dhoruba, badala ya kulipia hatari ya angani isiyokuwapo.

Serikali nayo isijitenge. Mamlaka ya Kudhibiti Bima na ile ya Usafiri wa Ndege zikae pamoja na kampuni za bima, ziandae mkataba mmoja mwepesi kwa vyama vya urubani. Mkataba kama huo ukifaulu angani, utafaa pia ziwani kwa wenye mashua.

Walimu wenzangu, mfano ule wa ndege kumi upelekeni katika somo la hisabati. Nanyi wanafunzi mnaotazama ndege zikitua Kabunde na kutamani kuwa marubani, jueni kwamba mabawa peke yake hayatoshi kumrusha mtu. Nyuma yake lazima pawe na watu waliokubali kubebeana hasara. Kwetu tumezoea kuchangiana katika misiba. Kuchangiana kabla ya msiba kunatushindaje?