Picha ya Maganda ya Mgomba

Umeshawahi kukosa msiba wa mama wa rafiki yako? Basi mwenzio nilikosa. Mama wa shoga yangu alifariki, nami sikutia mguu. Si kwamba nilisafiri wala niliumwa. Sikuwa na hela ya rambirambi, nikaona haya kwenda mikono mitupu. Ujinga mtupu! Miezi minane tukawa tunapishana soko la Kilombero kama watu wasiojuana.

Nilipochoka nikapata wazo: nimtengenezee picha ya kubandika, sura yake mwenyewe, na ndani yake niweke yale anayoyaamini. Si umeziona zile kadi wanazouziwa watalii hapa mjini, nyumba na watu waliokatwa kwenye maganda makavu ya mgomba? Hayo hayo.

Nikapanda kwa bibi Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako migomba na mibuni inabanana hadi mlangoni. Sikuchuna kitu kibichi, niliokota maganda yaliyojikaukia shinani. Yatazame vizuri utashangaa: moja la rangi ya maziwa, jingine asali, jingine limekolea kama buni zilizoungua. Sura zetu zote zimo humo, bila tone la rangi! Unayapangusa, unayanyoosha kwa pasi isiyo kali sana (juu yake tandika gazeti, hata hili ukishalisoma), halafu unakata kwa wembe.

Picha tuliyopiga siku ya kipaimara niliipeleka studio wakaikuza, nikaihamishia kwenye hadibodi kwa karatasi ya kaboni. Hadibodi msiidharau jamani, Edward Saidi Tingatinga aliyefariki 1972 alichorea hiyo hiyo, na leo jina lake linajulikana dunia nzima. Mashavu nikaweka ganda la asali, chini ya kidevu lile lililokolea. Pua ilinitoa jasho, niliibandua mara tatu. Shingoni nikamvisha msalaba wa jani la mtende nililolitunza tangu Jumapili ya Mitende, maana yeye ni mwanakwaya wa Kilutheri, tena wa sauti ya kwanza.

Nilitaka begani pake niweke na sura ya mama yake. Bibi akakataa katakata.

"We mtoto, sura ya marehemu hapelekewi mtu kwa kumshtukiza. Mama yake si alikuwa akiuza ndizi Tengeru? Basi humo kwenye maganda ameshaingia."

Nikanyamaza. Kwa kweli sikuwa nimeliona hilo.

Kilichobaki ni isale. Shoga yangu ni Mchaga wa Machame, na kwa Wachaga jani la isale lililofungwa fundo ni ombi la msamaha. Ukiletewa, kulikataa ni jambo zito. Nikasema nilibandike pembeni, ndani ya kioo cha fremu. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Isale la kwenye kioo linamwomba nani? Lipeleke mkononi, likiwa bichi."

Jumamosi nikashuka Tengeru, picha kwapani imeviringishwa gazeti, isale mkono wa kulia. Moyo unadunda kama naenda kuposa! Akafungua mlango, akalitazama lile jani muda mrefu. Picha hata hakuitupia jicho. Nikaanza kueleza habari za rambirambi, za kukosa hela, za haya... hakuningoja nimalize.

"Ungekuja hivyo hivyo, mikono mitupu," akasema. "Pale kaburini nilikuwa nakutafuta kwa macho."

Tulilia wote wawili pale pale mlangoni, majirani wanatuangalia. Kisha akalipokea isale, akaniambia niingie, chai inapoa.

Picha ameitundika sebuleni. Ila kila mgeni anayeingia anaambiwa hiyo pua si yake.