Nyumba za kulala wageni njiani zikaguliwe

Natoa maoni yangu juu ya nyumba za kulala wageni zilizo kando ya barabara zetu kuu. Ninazungumzia zile za bei ya chini ambazo wananchi tunaziita gesti. Hoteli kubwa zina watu wengi wa kuzisemea, lakini gesti hazina msemaji, na mtu akiumia humo hajui malalamiko yake ayapeleke wapi.

Jambo lililonifanya nishike kalamu lilinipata masika yaliyopita. Nilikuwa nasafiri na mama yangu mzazi kutoka Turiani kwenda Dar es Salaam, ambako alitakiwa kufika kliniki ya kisukari asubuhi ya siku ya pili. Basi tulilopanda liliharibika Chalinze, tukakaa hapo kwa muda wa saa nne. Lilipotengenezwa tukaondoka, lakini baada ya kuvuka daraja la mto Ruvu likazima tena. Kondakta akatuambia kila mtu ajitafutie usafiri. Vijana walidandia magari yaliyokuwa yanapita yakiwa yamejaa. Mama ana umri wa miaka 74 na miguu yake inavimba, hivyo hakuweza kusafiri amesimama. Ilipofika saa nne usiku, mvua ikiwa inanyesha, tulipata bajaji iliyotufikisha Mlandizi, tukaona ni afadhali tulale hapo.

Gesti ya kwanza ilikuwa imejaa madereva wa malori. Ya pili ilikuwa na nafasi. Kijana wa mapokezi alituuliza, "Mnalala au mnapumzika?" Mama hakulielewa swali hilo, akajibu kwamba amechoka sana, kwa hiyo atafanya yote mawili. Mimi nililielewa, nikaona aibu kwa niaba yake. Wasomaji wanaosafiri wanajua kwamba maana yake ni vyumba kukodishwa kwa saa kwa watu ambao wala hawako safarini.

Nililipa Sh 30,000 kwa vyumba viwili, na sikupewa risiti. Mlango wa chumba cha mama haukuwa na komeo, tukausindika kwa kusogeza kitanda. Chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mtoto. Bomba halikutoa maji, na pipa lililokuwa uani lilikuwa na viluwiluwi vya mbu. Choo kilikuwa mwisho wa ua, hakina taa. Mgonjwa wa kisukari huamka mara nyingi usiku kwenda haja. Mara mbili za kwanza nilimsindikiza. Mara ya tatu aliona haya kuniamsha, akaenda peke yake, akateleza kwenye sakafu ya choo na kuvunjika mkono. Siku iliyofuata, badala ya kliniki, tulishinda kwenye foleni ya kupigwa picha na kufungwa plasta. Tarehe mpya ya kliniki ilikuwa mwezi mmoja baadaye.

Siandiki barua hii kumshitaki yule kijana wa mapokezi. Yeye ndiye aliyetutafutia gari alfajiri ile, na ndiye aliyenieleza kwamba anafanya kazi peke yake usiku na mchana. Mwenye nyumba haishi hapo, na akipiga simu huuliza makusanyo tu. Nilipokuwa najaza kitabu cha wageni, pale wanapotaka jina, kabila, utokako na uendako, nilipekua kurasa za nyuma kutafuta sahihi ya afisa yeyote aliyepita kukagua. Sikuiona. Serikali inajua kabila la kila aliyelala pale, lakini kama alilala salama au hakulala salama hakuna anayeuliza.

Ndugu Mhariri, Mlandizi siyo kijiji cha porini. Ipo katika barabara kuu ya Morogoro, ambayo hupitisha malori ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Bagamoyo kupitia Makofia, na nyingine ya kwenda Mzenga katika wilaya ya Kisarawe. Tena mtambo wa maji wa Ruvu Juu upo hapo hapo Mlandizi, na tangu mwaka 1959 umekuwa ukisukuma maji kwenda Dar es Salaam. Kibaha, ambayo haiko mbali, kuna kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba. Mwaka 2017 hayati Rais John Magufuli alikitembelea na kuziagiza halmashauri zote zinunue dawa hiyo. Basi maji yapo na dawa ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kufika, kufunua pipa na kumwambia mwenye nyumba alisafishe.

Na mtu huyo sheria inamtambua. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kuingia na kukagua sehemu za biashara zinazoweza kuleta madhara kwa afya za watu. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 nayo inahusu utaratibu wa kuzipanga hoteli katika madaraja, na nchi za Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kuzipa nyota. Lakini nyota hizo hutafutwa na hoteli za watalii na za mikutano. Gesti ya njiani haitafuti nyota, kwa hiyo inakaa miaka mingi bila kupimwa kwa kipimo chochote. Wakati huo huo halmashauri hutoza ushuru wa nyumba za kulala wageni pamoja na ada ya leseni ya biashara. Je, fedha hizo zinapochukuliwa, mlipaji wa mwisho, yaani msafiri, anapata nini?

Hebu tuangalie biashara ya nyama. Mchinjaji haruhusiwi kupeleka nyama buchani mpaka ikaguliwe na kupigwa mhuri, na tumelizoea jambo hilo kiasi kwamba nyama isiyo na mhuri tunaikataa. Ikiwa nyama ya ng'ombe inapigwa mhuri kabla ya kuliwa, ni vigumu kuelewa kwa nini kitanda cha binadamu kisikaguliwe kabla ya kulaliwa.

Najua kwamba wenye gesti wana majibu yao. Watasema wageni huiba balbu, hukata vyandarua na kuondoka na shuka. Hilo ni kweli, na sisi wasafiri tukemeane. Hata hivyo, wizi wa balbu hauwezi kuwa sababu ya kumwacha kila mgeni gizani, maana balbu ikiwekwa juu na kufungiwa wavu haiibiwi. Wengine watasema bei ni ndogo, kwa hiyo mgeni asitegemee makubwa. Nami nawajibu kwamba komeo halina gharama kubwa. Kinachowafanya wasijali ni biashara ile ya saa. Anayekaa saa moja haulizi chandarua wala taa ya choo. Chumba kikishaleta fedha mara tatu kwa siku bila kufanyiwa matengenezo, mgeni wa kulala usiku kucha huonekana hasara.

Tena wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna treni ya umeme, hivyo habari za kulala njiani zimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 treni hiyo inakwenda Morogoro na Dodoma, na ni maendeleo makubwa ya kujivunia. Lakini reli haifiki Turiani, wala haiwezi kufika kila kijiji. Zaidi ya hayo, tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya katazo la miaka mingi, basi linaweza kuharibika saa yoyote ya usiku na kumwacha mtu mahali asipopajua. Kwa hiyo haja ya gesti nzuri imeongezeka.

Pwani yetu ina historia ndefu ya kupokea wasafiri. Pale Bagamoyo lipo jengo la Caravan Serai, ambalo ni kumbukumbu ya misafara iliyotoka bara kwa miguu katika karne ya 19. Watu wa mahali palipozoea misafara namna hiyo hawahitaji kufundishwa kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo kwa halmashauri zote ambazo barabara kuu zinapita. Kwanza, yawekwe mambo matano ya lazima kwa kila gesti, hata iwe ya bei gani: komeo mlangoni, chandarua kizima, maji safi yaliyofunikwa, taa ya kufika chooni na sakafu ya choo isiyoteleza. Pili, afisa afya akague angalau mara mbili kwa mwaka, na tarehe ya ukaguzi ibandikwe mapokezini pamoja na bei ya chumba, ili kila mgeni aisome. Tatu, sehemu ya ushuru unaotokana na gesti itengwe kwa ajili ya ukaguzi huo, maana afisa afya asiye na pikipiki wala mafuta tutamlaumu bure. Nne, anayekutwa na kasoro apewe miezi mitatu ya kurekebisha kabla ya kufungiwa. Gesti zikifungwa zote kwa siku moja, msafiri atalala barazani, na hapo tutakuwa hatujamsaidia.

Na wenye mabasi nao wasijitoe. Gari likishindwa njiani, abiria wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga watafutiwe gari lingine kabla kondakta hajaondoka. Kumwambia bibi wa miaka 74 ajitafutie usafiri usiku wa mvua siyo huduma.

Mambo haya hayahitaji wafadhili wala mkopo. Yanahitaji viongozi wa halmashauri kutoka ofisini na kufunua mapipa. Nitashukuru iwapo wahusika watatujibu kupitia ukurasa huu huu, watueleze ni lini mara ya mwisho gesti za maeneo yao zilikaguliwa.

Msafiri,
Turiani, Morogoro.