Staa Wetu, Rimu Tumeziona. Sasa Tuoneshe Mpira wa Mafuta

Leo hakuna stori ya nani kaachana na nani, tulieni kwanza. Leo tunaongea kuhusu kigari.

Kuna staa flani hivi, jina naliweka kapuni maana sitaki kesi na mtu na wala lengo langu sio kumchafua. Wiki iliyopita aliposti video ya Starlet yake aliyoitengeneza kwa ajili ya mbio. Rangi mpya, rimu kali, viti vya mbio, keji ya chuma ndani, stika kila kona. Kameraman kaizunguka gari mpaka kalala chini kuonesha uvungu. Sisi tukajaa kwenye komenti na vimoto vyetu. Na mimi nilikuwemo, niliweka vitatu nikaandika "mnyama kashuka mjini."

Sasa kuna dogo mmoja, anaonekana ni wa gereji, akaandika kistaarabu kabisa: "Kaka hongera, ila hapo sekunde ya 40 mpira wa mafuta umepita karibu na ekzosi na umefungwa na waya. Badilisha kabla hujaikimbiza."

Wee! Alichokipata dogo ni balaa. "Wivu unakusumbua." "Nunua yako." "Fundi baiskeli." Baada ya kama lisaa hivi komenti haipo, na dogo anasema kablokiwa.

Nikarudi kwenye video, nikaisimamisha hapo hapo sekunde ya 40, nikaivuta. Dogo hajadanganya. Kuna mpira wa plastiki wa kuonesha ndani, kama ule wa dripu hospitali, unaninginia sentimita chache tu kutoka kwenye ekzosi, umekazwa na waya wa kufungia nondo.

Msimamo wangu leo ni huu: yule dogo anampenda yule staa kuliko sisi wote tulioweka vimoto.

Mimi sio fundi, kwahiyo nilimtumia ile video kaka mmoja ambaye amekaa gereji miaka mingi na anatengeneza magari ya mbio. Akanipigia, hata salamu hakumaliza. "Mdogo wangu, hilo sio gari, hilo ni jiko." Halafu akanielewesha taratibu, na mimi nawaelewesha nyie.

Starlet tenki lipo nyuma, injini ipo mbele. Maana yake petroli inasafiri uvungu mzima wa gari, na ekzosi nayo inasafiri uvungu huo huo. Injini ya mbio ikipelekwa moto, ekzosi kule mbele inavuka nyuzi joto 500. Petroli yenyewe haisubiri hata ichemke, inatoa mvuke hata kwenye baridi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini na kujikusanya. Ukivuja kidogo tu, cheche moja inatosha.

Halafu kuna presha. Gari ya kabureta pampu yake inasukuma kidogo sana, mara nyingi haifiki psi 7. Gari ya injekta kama Starlet nyingi za mjini inasukuma kama psi 43. Tairi la gari yako lina upepo kama wa psi 30. Sasa fikiria kitu chenye presha kuliko tairi, ndani yake petroli, kimeshikiliwa na waya wa nondo. Ule mpira ukipasuka haudondoshi matone, unapuliza.

Ndo maana mpira wa mafuta unanunuliwa kwa kusoma maandishi yake, sio kwa kuangalia unene. Ulioandikwa SAE J30 R7 ni wa presha ndogo, wa kabureta. Wa injekta unatakiwa uwe R9. Na ule unaozama ndani ya tenki ni mwingine tena, R10, kwa sababu mpira wa kawaida haujatengenezwa kuloweka kwenye petroli nje na ndani. Mpira usio na maandishi ni wa maji mpaka muuzaji athibitishe vingine.

Klipu nazo zina mambo yake. Zile za kukaza kwa bisibisi zenye meno yaliyotoboka zinaukata mpira mwembamba taratibu, leo hauvuji, mwezi ujao unavuja. Kwenye injekta zinatakiwa zile za bendi laini zinazobana mzunguko mzima sawasawa. Na ncha ya bomba inatakiwa iwe na kile kinundu cha kuzuia mpira usichomoke.

Tukija kwenye njia ya kupitisha, hapo ndo video yetu inapofeli mtihani. Kaka wa gereji alinipa hivi. Sehemu kubwa ya safari iwe bomba la chuma, mpira uwekwe tu pale panapotikisika, kama kati ya bodi na injini, na uachiwe ulegevu kidogo maana injini inacheza. Pita upande wa mbali na ekzosi. Ikishindikana kabisa, weka kinga ya joto katikati. Bomba lisiwe kitu cha chini kabisa kwenye gari, jiwe la kwanza likiruka litaanza nalo. Lisifungwe pamoja na nyaya za umeme. Lishikiliwe na vishikizo vyenye raba kila kama sentimita 30 ili lisitetemeke likajisugua. Na kila linapotoboa bati, shimo liwe na raba, maana ukingo wa bati ni kisu.

Wengine wanaona bora lipite ndani ya gari, kukwepa mawe. Inaruhusiwa, ila kwa masharti. FIA, wale wanaosimamia mbio za magari duniani, kanuni zao za usalama zinakataza kiungo cha mafuta ndani ya chumba cha dereva, isipokuwa pale bomba linapotoboa ukuta wa mbele na wa nyuma. Mipira inayopinda wanataka ivumilie presha ya bar 70 bila kupasuka, kwenye joto la nyuzi 135. Na pampu ya mafuta inatakiwa ifanye kazi injini ikiwa inawaka tu, ukiacha ule muda wa kupiga stata. Injini ikizima kwa ajali, pampu nayo ifunge mdomo. Bila hivyo gari limepinduka, dereva kazimia, pampu inaendelea kumwaga.

Najua kuna mtu anaandika saa hizi "acha uoga, ni mbio ndogo tu." Sawa. Tarehe 29 Novemba 2020, Bahrain, Formula 1. Romain Grosjean kagonga kizuizi, gari ikakatika vipande viwili, moto. Uchunguzi wa FIA ulionesha kwamba kiungo cha mafuta kinachokwenda kwenye injini kiling'oka kwenye tenki. Yule ni mtu mwenye nguo za kuzuia moto, gari la daktari nyuma yake, wazima moto pembeni. Alitoka ndani ya nusu dakika, na mikono ikaungua. Sasa wewe una tisheti ya stika na mtungi wa moto ulioazima kwenye daladala.

Na hapa ndo roho inaniuma. Kwenye ile video, kiti cha pili kakaa mdogo wake yule staa. Anacheka, kashika karatasi, ndo msoma ramani wake. Hajachagua ule mpira. Hata yule kijana wa gereji aliyekuwa anaingia uvungu hajachagua. Staa akitaka kujitoa mhanga kwa ajili ya kiki ni maamuzi yake, ila petroli haimchagui mwenye akaunti.

Suala la hela nalo tusidanganyane. Gharama ya kubadilisha mpira na klipu ukiiweka pembeni ya rimu zile ni chenji. Tatizo mpira wa mafuta hauna laiki. Hakuna anayeposti klipu ya mafuta ikiwa imekaa vizuri. Sisi mashabiki ndo tumewafundisha hivyo, tunapigia makofi kinachoonekana.

Kama na wewe una kigari unakitengeneza, usichukue simu ukajifanyia mwenyewe kwa kuangalia video ya dakika mbili. Tafuta fundi anayejua. Na ukimkuta anaanza kazi ya mafuta bila kutoa presha kwanza, bila kuchomoa betri, ndani ya chumba kisicho na hewa, au jirani yake mtu anachomelea, chukua gari lako uondoke. Akimaliza, awashe pampu bila kuwasha injini, apitishe tishu kavu kwenye kila kiungo. Tishu ikilowa, haijaisha. Usikubali kuambiwa "itajikaza yenyewe."

Kwa staa wetu: mwanangu, tunakupenda kweli. Kabla ya mbio zako tupostie uvungu tena. Usiweke muziki, usiweke filta, tuoneshe mpira tu. Hiyo video nitaisambaza mimi mwenyewe.

Kwa dogo uliyeblokiwa: nisamehe. Niliiona komenti yako ikiwa bado ipo, nikacheka na wengine. Vimoto vyangu nimeshavifuta.

Mafundi mliopo humu, kama kuna sehemu nimekosea nirekebisheni hapo chini kwenye komenti. Hapa hafutwi mtu.