Usimchinje Jogoo Kishingo

Afugaye kuku Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, ayajua mateso ya joto la kaskazi: adhuhuri kuku huachama midomo wakihema, hula kidogo, na mayai hupungua. Kuku hatoki jasho. Joto humtoka kwa pumzi na kwa ngozi isiyofunikwa.

Basi yashangaza kwamba kishingo ndiye achinjwaye kwanza, eti hapendezi machoni. Shingo yake tupu si ugonjwa, bali ni urithi wa jeni moja. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja hupungukiwa manyoya kadiri ya asilimia 20, naye hubakiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupungukiwa kadiri ya asilimia 40, na kishada hicho karibu hana.

Jogoo asiye na kishada ndiye wa kuwekwa. Akiwapanda matetea wa kigeni, ambao ni wazito lakini hawastahimili joto, vifaranga wote watatoka na shingo wazi. Mwenye kishada atatoa nusu tu, kwa wastani. Lakini kumpandisha kishingo kwa kishingo hakufai sana, maana vifaranga wenye jeni mbili hufia yaini zaidi kuliko wengine.

Wala mpishi hatalalamika: kumnyonyoa kishingo ni kazi ndogo.