Kituo Kilichofungwa na Mji Ulio Hai

Katika jiji la London kipo kituo cha reli ya chini ya ardhi kiitwacho Aldwych. Kilifunguliwa mwaka 1907, kikafungwa mwaka 1994. Abiria hawashuki tena humo, na bado watu hulipa ili waongozwe kwa makundi. Waonyeshwa nini? Ngazi, vigae na mahandaki. Lakini mwongozaji huwasimulia jinsi wenyeji walivyojikinga humo na mabomu ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, na mara kuta zapata ulimi.

Twayasema haya sisi walimu wa Kiswahili wa Bujumbura kwa kuwa wamo miongoni mwetu wanaodai kwamba mji wetu, usiopata kuwa na reli, hauna cha kumwonyesha mwanafunzi ila kitabu na ubao. Twayakataa madai hayo. Reli yetu iliishia Kigoma: Wajerumani waliifikisha huko kutoka Dar es Salaam mwaka 1914, na shehena zikapakiwa melini, zikapita Ziwa Tanganyika hadi bandari yetu. Pamoja na shehena yalisafiri maneno.

Je, ni haki mwanafunzi akariri “bandari”, “shehena” na “nahodha” ubaoni, ilhali bandari yenyewe i karibu naye? Ni haki aambiwe kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni, ilhali huko Buyenzi ni lugha ya nyumbani na sokoni?

Tena, tusipoongoza sisi, utaongoza uvumi. Kusini mwa mji, huko Mugere, lipo jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi huambiwa kwamba hapo ndipo walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, Mugere walipita safarini, wakalala.

Basi yatupasa, angalau mara moja kila muhula, tuwatoe wanafunzi darasani. Wazee waulizwe, majibu yaandikwe kwa Kiswahili, kisha mwanafunzi mwenyewe awaongoze wenzake. Jambo hili halidai fedha nyingi; ladai daftari, idhini ya mkuu wa shule, na mwalimu aliyejiandaa.

Watu wa London hawakungoja kituo chao kifufuke ndipo wakisimulie. Nasi tusingoje reli ifike Bujumbura ndipo tuuone mji wetu.