STAA NA BASTOLA YAKE: TUNZA, TUMIA AU UZA, ILA USIFANYIE KIKI!



Juzi kati kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kaposti picha yuko ndani ya gari, bastola mapajani. Laiki zikamiminika kama mvua. Vijana wenzangu wa hapa Mtwara nao wakaanza, "Bro, na mimi nataka kama hiyo!" Leo naomba niseme yangu.

Kama anaimiliki kihalali, sina neno. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 ipo na kibali kinaombwa. Mwaka 2016 wamiliki waliambiwa wapeleke silaha zao zihakikiwe, hata za Rais Magufuli zilihakikiwa. Ila mimi naamini mwenye bunduki ana swali moja tu la kujiuliza: hii kitu ina kazi gani?

Mjomba wangu alilima upande wa mto Ruvuma. Alikuwa na shotigani yenye kibali, na kazi yake ilikuwa moja, nguruwe pori wanaomaliza mihogo. Hakuwahi kuipiga harusini wala usiku wa mwaka mpya.

Alipofariki, hata arobaini haijafika, kelele zikaanza. Mpwa mkubwa anadai ni yake, maana kwetu Wamakonde mambo ya mjomba ni ya wapwa. Mwingine keshapata mteja, anataka iuzwe chap chap, hela mkononi. Bibi akawasikiliza weee, halafu akauliza: "Kibali kina jina la marehemu. Nani kati yenu anaitwa hivyo?"

Kimya.

Wiki ile ile bunduki ikapelekwa polisi. Aliyebaki na shamba akaambiwa aombe kibali chake mwenyewe.

Wengine walinuna, ila mimi nasema bibi alituokoa. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, hapo hapo mpakani, kilivamiwa na magaidi waliovuka kutoka Msumbiji. Watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Sasa uza bunduki kichochoroni kwa mtu usiyemjua, halafu ikakamatwe kwenye tukio. Namba yake inarudi kwenu! Utamwambia nani kwamba ulikuwa unatafuta hela ya arobaini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tunza kama ina kazi na kibali kina jina lako, na ifungie mbali na watoto. Piga pale kazi inapoita tu, siyo hewani kwenye shughuli, maana risasi ikipanda lazima ishuke, na haichagui kichwa. Haina kazi tena? Uza, lakini kwa mwenye kibali na polisi wakijua. Na kama ni ya magendo, isalimishe. Serikali imeshatoa msamaha zaidi ya mara moja, mwaka 2023 ulikuwa Septemba na Oktoba.

Na wewe staa wetu, kama hiyo bastola ni ya kujilinda, mbona umewatangazia hadi wezi iko wapi? Hiyo siyo ulinzi, ni kiki.

Haya mdau, mzee akifariki akaacha bunduki ndani, nyie mngefanyaje? Dondosha maoni yako hapo chini. Matusi hapana!