Mgomo wa daladala: mzigo humwangukia abiria

Ijumaa ya tarehe 10 Aprili 2015, wakazi wa Dar es Salaam waliamka na kukuta vituo vimefurika watu huku barabara hazina daladala. Madereva wa mabasi nchini walikuwa wamegoma. Miongoni mwa malalamiko yao makubwa yalikuwa mawili: kufanya kazi bila mikataba ya ajira, na sharti la kurudi darasani kwa gharama zao wanapohuisha leseni.

Wakati huo mabasi ya mwendokasi yalikuwa hayajaanza. Yalianza Mei 2016. Treni za abiria za jijini, zilizoanza Oktoba 2012, zilipita njia chache tu. Basi wenye nguvu walitembea. Wengine waliparamia malori na pikapu, na wenye chochote mfukoni wakakimbilia bajaji na bodaboda, nauli ikipanda sambamba na shida. Kibarua alipoteza ujira wa siku, na mgonjwa aliyekuwa na miadi ya hospitali alibaki nyumbani.

Ndugu msomaji, dhiki ya namna hii hudhihirisha tabia za watu. Yupo anayesimamisha gari lake na kumchukua jirani, na yupo anayemkamua aliyekwama kwa sababu tu hana njia nyingine. Biashara ni halali, lakini kugeuza dhiki ya mwenzio kuwa mtaji ni dhuluma.

Hata hivyo, tusiwahukumu madereva kabla ya kuitazama hali yao. Dereva wa daladala kwa kawaida hana mshahara; humpelekea tajiri hesabu ya siku, na kinachobaki ndicho riziki yake na ya kondakta. Akiugua hana kitu. Ndiyo maana hukimbiza gari, hujaza abiria kupita kiasi, na humkwepa mwanafunzi mwenye nauli ndogo. Mtume (s.a.w.) ametufunza kumlipa mfanyakazi haki yake upesi, kabla jasho lake halijakauka. Je, asiye na mkataba atadai haki ipi, na kwa nani?

Lakini haki hiyo ilidaiwa kwa kumuumiza abiria, ambaye hakuwa amemdhulumu dereva. Serikali iliahidi kuyashughulikia malalamiko, na mabasi yakarudi. Mwezi haukutimia, tarehe 4 Mei 2015 mgomo ukazuka tena. Hapo ndipo penye somo: ustahimilivu wa abiria hauondoi chanzo cha mgomo. Mkataba ulioandikwa na kuheshimiwa ndio kinga ya kweli.

Inatupasa basi tuanze na tulivyo navyo. Miongoni mwetu wamo wenye mabasi. Na wawaandikie madereva wao mikataba. Waajiri wasimkate mshahara aliyechelewa kwa kutembea. Na wenye magari wasipite kituoni na viti vitupu, kwani aliyesimama pale ni jirani, na jirani ana haki.